Kugeuza maandishi kuwa jina la kigeu: yanayodhaniwa na yalivyo

Jedwali lina vichwa kama "Uzito (kg)", "2. Urefu" na "Ng'ombe", na kila kichwa kinatakiwa kiwe jina la kigeu, yaani jina linaloshika thamani ndani ya programu. Mifano hii ni ya lugha ya programu ya Python, isipotajwa lugha nyingine.

Dhana: Weka mistari ya chini badala ya nafasi, kazi imekwisha.

Nafasi ndiyo yenye usumbufu mdogo kuliko yote. "2._Urefu" bado ni batili kwa sababu jina halianzi na tarakimu. Mabano na nukta yamebaki palepale. Neno class nalo halina alama hata moja mbaya, ila limetengwa na lugha yenyewe. Usidanganywe na 'class'.isidentifier(), ambayo hujibu True kwa sababu inakagua herufi tu. Maneno yaliyotengwa hukaguliwa na keyword.iskeyword().

Dhana: \W hukamata kila kisichofaa.

Hapa ndipo hata wazoefu huteleza. Katika regex, yaani ruwaza za kutafuta maandishi, \W ni kila alama isiyomo kwenye \w. Katika JavaScript, \w ni A hadi Z kubwa na ndogo, 0 hadi 9 na mstari wa chini. Katika Python inabeba herufi za Unicode nzima (orodha ya herufi za lugha zote), pamoja na alama za namba kama ². Kwa hiyo re.sub(r'\W+', '_', 'Eneo m²') hutoa Eneo_m², na ukiitumia kama jina unapata SyntaxError, yaani kosa la uandishi wa msimbo.

Kuna mtego wa pili. Herufi é huweza kuhifadhiwa kama alama moja, au kama e ikifuatwa na alama ya mkazo inayojitegemea. Kwa macho ni kitu kimoja. Ukipitisha "café" kwenye \W, ya kwanza inabaki ilivyo, ya pili inatoka cafe_.

Dawa ni kuanza na unicodedata.normalize('NFKC', s), inayosawazisha namna tofauti za kuandika alama ileile: ² inakuwa 2, na é inaungana kuwa alama moja. Alama kama ❶ hupenya hata hapo, ndiyo maana isidentifier() huitwa tena mwishoni. Wanaokwepa yote haya kwa [^A-Za-z0-9_] wakumbuke kwamba kichwa cha Kiarabu au Kichina kitafutika chote.

Dhana: Mpangilio wa hatua haujalishi.

Ukitanguliza mstari wa chini mbele ya tarakimu, kisha ukasafisha mistari ya pembeni kwa strip('_'), umejirudisha kwenye 2_Urefu. Ukikagua "Class" kabla ya kushusha herufi, inapita. Ukishusha baadaye, imekuwa class. Mpangilio unaofaa: sawazisha kwa NFKC, shusha herufi, badilisha alama, safisha pembeni, ongeza kiambishi kama jina ni tupu au linaanza na tarakimu, kagua kwa isidentifier() na maneno yaliyotengwa, na mwisho tafuta majina yaliyogongana.

Dhana: Maandishi tofauti hutoa majina tofauti.

"Uzito (kg)", "Uzito-kg" na "uzito kg" zote huishia uzito_kg. Kinachoudhi ni kwamba programu haigomi. Safu ya mwisho inafuta ya kwanza kimyakimya. Kuongeza namba tu hakutoshi: ukiwa na "jumla", "jumla" na "jumla 2", ya pili inapewa jumla_2, na ya tatu inakuta jina limeshachukuliwa. Weka majina yaliyotumika kwenye seti, uendelee kupandisha namba hadi upate lililo huru. Katika R, make.names() pia huacha majina yarudiwe usipoandika unique=TRUE.

Dhana: Jina halali huku ni halali kule.

R hukubali nukta ndani ya jina, JavaScript hukubali $. Katika Go, herufi kubwa mwanzoni huamua kama jina litaonekana nje ya kifurushi.

Dhana: Lazima kiwe kigeu.

Mara nyingi kamusi (dict, inayohifadhi thamani kwa ufunguo wa maandishi) inatosha: data["Uzito (kg)"] haihitaji kugeuzwa chochote. Kutengeneza vigeu kwa exec(), inayoendesha maandishi kama msimbo, kutokana na maandishi ya mtu mwingine ni kumruhusu aandike msimbo wako, na kichwa kiitwacho list kitafunika list ya Python bila onyo.

Jina likihitajika kweli, tuseme kwa namedtuple (rekodi ya Python yenye sehemu zilizopewa majina), kiambishi kiwe herufi, kama k_2_urefu, kwa sababu namedtuple hukataa sehemu inayoanza na mstari wa chini. Hifadhi pia ramani ya jina jipya na maandishi ya awali: kutoka uzito_kg hakuna njia ya kujua kama palikuwa na mabano au kistari.