Huduma ya ramani kwa programu ya simu: tazama kilicho nyuma ya mchoro

Swali ninaloulizwa sana na watengenezaji programu ni fupi: "Tutumie Google Maps au Mapbox?" Swali hilo, la kuchagua kati ya ramani za Google na za kampuni shindani ya Mapbox, huwa silijibu kabla sijajua mtumiaji atafanya nini akishafungua hiyo ramani. Kuna programu inayoonyesha pini moja tu, mtu akishaiona amemaliza shida yake. Kuna inayotaka mtu aandike jina la mtaa na kuletewa mapendekezo papo hapo. Kuna inayomwongoza dereva kona kwa kona, na kuna ya watu wanaofanya kazi mahali ambapo mtandao haufiki kabisa. Zote nne zina ramani, lakini bili zake, leseni zake na kazi ya kuziunda havifanani hata kidogo.

Mchoro unaouona kwenye kioo cha simu ni tabaka la juu tu. Nyuma yake kuna huduma tatu zinazouzwa mbalimbali: vigae, yaani vipande vya ramani vinavyopakuliwa kadiri unavyosogeza kidole, utafutaji, unaogeuza jina au anwani kuwa nukta (latitudo na longitudo) na nukta kuwa anwani, na ukokotoaji wa njia. Kwa Google, kuonyesha ramani ya kawaida ndani ya programu ya Android au iOS kwa kutumia SDK yao (msimbo uliokwisha andaliwa wa kuiunganisha huduma na programu) hakulipiwi. Kinacholipiwa ni kutafuta mahali, kuomba maelezo ya mahali na kuomba njia. Kwa hiyo anayelinganisha kampuni kwa uzuri wa rangi na barabara analinganisha sehemu ambayo mara nyingi haigusi bili yake kabisa.

Bili inakuaje

Julai 2018 Google ilianza kudai kila mradi uwe na ufunguo wa API (mfuatano wa herufi unaoitambulisha programu kwa huduma) na akaunti ya malipo, ikatoa salio la bure la dola 200 kila mwezi. Machi 2025 salio hilo liliondolewa, kila huduma ikawekewa kiwango chake cha bure kwa mwezi: maombi 10,000 kwa daraja la msingi, 5,000 kwa la kati na 1,000 kwa la juu. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu daraja la ombi la maelezo ya mahali hutegemea sehemu ulizoziomba. Ukitaka anwani na nukta tu, uko chini. Ukiongeza namba ya simu, saa za kufungua au nyota za wateja, ombi lote linahesabiwa kwa bei ya daraja la juu. Nimeona msimbo ulioomba kila kitu kwa alama ya nyota (*), inayomaanisha sehemu zote, halafu kwenye kioo ukaonyesha jina na anwani basi. Kufuta alama moja na kuandika majina ya sehemu mbili kunapunguza gharama kuliko mazungumzo yoyote ya kuhama kampuni.

Kisanduku cha kutafutia nacho kinahitaji macho. Mtu anaandika "hospitali", herufi tisa. Programu isiyo na breki hutuma maombi tisa, na majibu ya manane kati yake hayasomwi na yeyote. Dawa ni mbili na zinatumika pamoja. Kwanza subiri kidogo baada ya kila herufi, kama milisekunde 300, ndipo utume, tena usianze kabla ya herufi ya tatu. Pili, tumia tokeni ya kikao, yaani alama inayoyaunganisha maombi ya utafutaji mmoja yahesabiwe pamoja: unaunda tokeni mtumiaji anapoanza kuandika, unaiambatanisha na kila ombi, na unakifunga kikao anapochagua mahali nawe ukaomba maelezo yake. Akianza upya, unda tokeni mpya. Tokeni ya zamani ikitumika kwenye kikao cha pili, kikao hicho huhesabiwa batili na maombi yanatozwa moja moja kana kwamba hukuweka tokeni. Kosa hili halionekani popote kwenye programu. Kila kitu kinafanya kazi vizuri, isipokuwa ankara ya mwisho wa mwezi.

Leseni kabla ya msimbo

Sehemu hii naisisitiza kuliko zote, kwa kuwa kurekebisha kosa la leseni baada ya programu kutoka ni kuandika upya nusu ya kazi. Masharti ya Google hayaruhusu uchukue matokeo ya utafutaji wake na kuyaonyesha juu ya ramani ya kampuni nyingine. Wala huruhusiwi kujijengea hifadhidata kutokana na majibu yake: kitambulisho cha mahali unaweza kukihifadhi bila ukomo, latitudo na longitudo kwa muda usiozidi siku 30, lakini majina, anwani na tathmini uviombe upya. Basi ule mpango unaowajia wengi, wa kutafuta kwa Google na kuchora kwa vigae vya bei nafuu, hauruhusiwi tangu mwanzo. Na kama programu yako inaishi kwa kukusanya maeneo na kuyatunza miaka, jiulize mapema maeneo hayo yanatoka wapi. Nukta aliyoiweka mtumiaji mwenyewe kwa kuburuta pini ni yenu. Jina na anwani vilivyoletwa na utafutaji vina mwenyewe.

OpenStreetMap, mradi wa ramani ya dunia inayochangiwa na watu wa kujitolea, ulioanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, una masharti ya namna nyingine. Data yake iko chini ya leseni ya ODbL tangu 2012. Unaweza kuipakua, kuihifadhi na kuiuza ndani ya bidhaa yako, mradi uwataje wachangiaji wake mahali panapoonekana. Ukiichanganya na data yako ukapata hifadhidata mpya, kisha ukaitoa hadharani, hifadhidata hiyo nayo inabidi iwe chini ya leseni ileile. Picha ya ramani iliyochorwa kutokana na data hiyo haibebi sharti hilo la mwisho.

Lakini OpenStreetMap ni data. Usiichukulie kama huduma ya bure ya programu yako. Seva zake za vigae zinaendeshwa kwa michango, na programu inayozilemea inaweza kufungiwa bila taarifa. Seva ya umma ya utafutaji, Nominatim, inaruhusu ombi moja tu kwa sekunde kwa programu nzima, watumiaji wako wote wakiwa pamoja, na mapendekezo ya herufi kwa herufi yamekatazwa. Kwa kuonjesha wazo inatosha. Kwa bidhaa, unalipa kampuni kama MapTiler, Stadia Maps au Mapbox ikuhudumie data hiyo, au unaendesha seva zako mwenyewe: Nominatim kwa utafutaji, OSRM, Valhalla au GraphHopper kwa njia. Kuendesha mwenyewe ni kazi ya kudumu, kwa maana data inahitaji kusasishwa na seva ya njia za eneo kubwa hula kumbukumbu nyingi sana.

Kuhusu kuchora, Desemba 2020 Mapbox ilifunga leseni ya maktaba yake (msimbo wa kuchora ramani) ya kivinjari kuanzia toleo la 2. Jamii ya watengenezaji ikachukua msimbo wa mwisho uliokuwa huria na kuanzisha MapLibre, ambayo leo ina toleo la Android na iOS. Kwa anayetaka kubuni mwonekano wake, kubadilisha muuzaji wa vigae bila kugusa programu, au kufanya kazi bila mtandao, hapo ndipo ninapomwelekeza kwanza. Kwa programu ya iOS peke yake yenye mahitaji ya kawaida, MapKit ya Apple inatosha. Haihitaji ufunguo, na muda unaookoa ni mwingi.

Ubora wa data hauandikwi kwenye matangazo

Septemba 2012 Apple ilitoa ramani zake pamoja na iOS 6, na mwezi huohuo Tim Cook aliwaomba radhi wateja hadharani kwa kasoro zake, hata akawaelekeza kwenye ramani za washindani. Mchoro wenyewe ulikuwa mzuri. Kilichoangusha ni data.

Ndiyo maana naomba timu ichague maeneo inayoyajua kwa miguu katika nchi watakayohudumia, kisha iyatafute kwa kila huduma inayofikiriwa. Chagua barabara iliyofunguliwa karibuni, njia ya upande mmoja, kituo cha afya kilichobadilishiwa jina, uchochoro usiopitika kwa gari, jina la mtaa ambalo watu huliandika kwa tahajia mbili. Andika huduma ipi ilipata, ipi ilipeleka pini mbali, ipi ilinyamaza. Huduma inayoongoza mji mmoja inaweza kushindwa kabisa nchi ya jirani. Kampuni za HERE na TomTom zina nguvu kwenye barabara za magari, ilhali OpenStreetMap ina sehemu ambako vijia vya miguu vimechorwa kwa undani wa ajabu na sehemu ambako kijiji kizima hakipo. Hakuna jedwali la mtandaoni litakalokupa jibu la eneo lako.

Angalia pia simu za watumiaji wako. SDK ya Google kwenye Android hutegemea huduma za Google Play, na simu mpya za Huawei zimekuwa zikitoka bila huduma hizo tangu 2019.

Kuunganisha: pale panapouma

Ufunguo wa API wa Android hufungwa kwa jina la kifurushi na alama ya SHA-1 (kama alama ya kidole, ya kidijitali) ya cheti kilichotia saini programu. Kuna tatizo moja linalojirudia kila mahali: ramani inafanya kazi kwenye simu ya mtengenezaji, programu inapelekwa Play Store, na anayeipakua anaona eneo la kijivu lenye nembo ya Google pembeni. Chanzo chake ni kwamba duka linatia saini upya programu yako kwa cheti kingine, ambacho alama yake haimo kwenye vizuizi vya ufunguo. Fungua sehemu ya saini ndani ya Play Console (ukurasa wa watengenezaji wa Play Store), chukua SHA-1 ya cheti cha duka, uiongeze kando ya ile ya kwako. Mabadiliko yakishaenea, ramani inarudi bila kutoa toleo jipya.

Ufunguo ulio ndani ya programu ya simu unaweza kuchimbuliwa na yeyote mwenye faili yake. Kwa sababu hiyo maombi ya njia na ya maelezo ya mahali yanayokwenda moja kwa moja kwenye wavuti yapitishie seva yako, na ufunguo wake ubaki huko. Weka kikomo cha maombi kwa siku. Tahadhari ya bajeti pekee hukutumia barua pepe tu, haizuii kitu.

Halafu kuna mpangilio wa namba mbili. Google huandika latitudo kwanza. GeoJSON, muundo wa kuandika data za ramani, kwa kiwango cha RFC 7946 cha mwaka 2016, huanza na longitudo. Paris iko 48.8566, 2.3522, zigeuze na pini inatua ndani ya Bahari ya Hindi, mashariki ya Mogadishu, na hakuna ujumbe wa kosa, maana zote mbili ni namba halali. Usibebe nukta kama safu ya namba mbili. Tengeneza aina yenye majina latitudo na longitudo, ugeuze mpakani tu, pale data inapoingia au kutoka. Pini zikirundikana kwenye Ghuba ya Guinea, kuna mahali nukta inayokosekana inahifadhiwa kama sifuri na sifuri.

Nje ya mtandao hesabu ni kali. Kila hatua ya ukuzaji huzidisha vigae mara nne: hatua ya 0 ina kigae kimoja, ya 18 ina zaidi ya bilioni 68 kwa dunia nzima. Vigae vya vekta (vinavyobeba mistari na maumbo badala ya picha) husaidia kwa sababu seti ya hadi hatua ya 14 inaweza kuchorwa kwa ukaribu zaidi bila kupakua kingine, na eneo zima hukaa kwenye faili moja ya MBTiles au PMTiles. SDK ya Google haimpi mtengenezaji njia ya kupakua eneo, kwa hiyo hitaji hili peke yake hukata shauri.

Wengine hupendekeza kufunika kila kitu cha ramani ndani ya tabaka lako ili uweze kuhama siku yoyote. Mimi nafunika utafutaji, njia na umbo la mahali palipohifadhiwa. Mchoro wenyewe nauacha wazi, kwani ishara za vidole, mikusanyiko ya pini na uhuishaji hutofautiana mno kati ya maktaba, na tabaka la kuvifunika huishia kuwa gumu kuliko kuandika upya kioo kimoja.

Ruhusa ya mahali iombe mtumiaji anapogusa kitufe kinachoihitaji, na umpe njia ya kuburuta pini akikataa. Tangu iOS 14 na Android 12 anaweza pia kukupa mahali pa kukadiria tu, penye duara la kilomita kadhaa. Jaribu programu yako katika hali hiyo kabla ya kuitoa: chora duara kwa ukubwa uliopewa, usiweke pini katikati yake kana kwamba una uhakika, na usimwitie mtu gari kwa nukta hiyo.