Kalori za saa ya mkononi: tuziamini kiasi gani?

Maswali haya huulizwa na watu wanaokuja kupima sukari na presha hapa Nairobi, wengi wakiwa na saa janja mkononi.

Daktari, nilitembea msitu wa Karura saa nzima, saa yangu ikaandika kalori 420. Nikifika nyumbani nala chapati mbili, maana nishazichoma. Kuna ubaya?

Ubaya uko kwenye hiyo 420. Mtu wa kilo 70 akitembea mwendo wa wastani kwa saa moja hutumia karibu kalori 250. Kati ya hizo, kama 70 angezitumia hata angebaki kwenye kochi, kwa kuwa moyo, ubongo na ini havipumziki. Baadhi ya saa janja hujumlisha zote pamoja. Faida ya matembezi yenyewe basi ni kama 180, na chapati moja ya mafuta yaweza kuzimaliza. Karura usiache kwenda, tafadhali. Ila usiamue chakula chako kwa kuangalia saa.

Kwani saa huzijuaje kalori?

Huzikadiria tu. Ndani yake mna kihisi mwendo, kidude kinachopima mkono unavyoongeza na kupunguza kasi. Hesabu hiyo huchanganywa na umri, urefu na uzito uliojaza kwenye simu, na mara nyingi na mapigo ya moyo yanayosomwa kwa mwanga kupitia ngozi. Kama ulijaza kilo za miaka 5 iliyopita, rekebisha leo.

Maabara hupima pumzi. Unavalishwa barakoa, na kila lita ya oksijeni ambayo mwili umetumia huhesabiwa takriban kalori 5.

Mimi nauza viazi Marikiti. Nabeba magunia tangu alfajiri, lakini saa niliyonunuliwa na binti yangu inasema sijafanya kitu.

Mama, kazi umefanya, tena nzito. Kihisi huona mwendo, hakioni mzigo. Mkono ulioshika gunia hautikisiki sana, ilhali mgongo na miguu vinaungua. Ndivyo ilivyo pia kwa kijana anayesukuma mkokoteni Gikomba, na kwa anayepandisha mtungi wa lita 20 hadi orofa ya sita kule mtaa wa Pipeline: kilo 20 za maji hazionekani popote katika hesabu ya hatua. Upande wa pili, ukikaa kwenye kigoda ukifua nguo, mkono unaweza kuhesabiwa hatua ambazo miguu haikupiga. Hata matatu ikirukaruka kwenye barabara mbovu yaweza kukuongezea. Inaniuma kuona mtu anayefanya kazi ya sulubu akiambiwa na kifaa kwamba ni mvivu.

Basi makosa ni makubwa kiasi gani?

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vifaa 7 vya mkononi kwa watu 60. Kwa mapigo ya moyo, 6 kati yake vilikosea chini ya asilimia 5. Kwa kalori, kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi asilimia 93. Jambo linalotuhusu sana sisi: makosa yalizidi kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, kwa wenye uzito mkubwa na kwa wanaume. Vifaa vimebadilika tangu hapo, lakini kabla ya kununua, uliza kama chako kilijaribiwa kwa watu wenye ngozi kama yako.

Nitupe saa?

La. Ivae mkono uleule kila siku, ujilinganishe na wewe mwenyewe: wiki hii na iliyopita. Usishindane na jirani mwenye saa ya aina nyingine. Hesabu dakika pia. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kubeba magunia yale kumo.

Nina kisukari, nadunga insulini. Naweza kupunguza dozi saa ikionyesha nimechoma kalori nyingi?

Hapana, kamwe. Pima sukari kwa glukomita kabla na baada ya mazoezi, uandike, kisha uje na daftari kliniki tupange dozi pamoja.