Kabla hujasema zabuni zote zinachukuliwa na wachache

Serikali yoyote ikishaweka matumizi yake mtandaoni, hakosi mtu wa kupakua jedwali, kulipanga kuanzia kiasi kikubwa kwenda kidogo, na kutoka na kichwa cha habari: kampuni kumi zimechukua nusu ya fedha. Huenda ni kweli. Mimi nachambua data za ununuzi wa umma, na nikikutana na habari ya namna hiyo siulizi kwanza ni kampuni zipi. Nauliza katika jedwali lile mzabuni mmoja ametambuliwaje kuwa ni mmoja.

Tuweke mfano wa kubuni. Taasisi inanunua huduma za ulinzi kwa wazabuni watano. Wa kwanza anapata asilimia 40 ya fedha, wa pili 25, wa tatu 15, na wawili wa mwisho 10 kila mmoja. Kipimo tunachokitumia sana kuona fedha zimejikusanya kwa wachache kiasi gani ni fahirisi ya Herfindahl-Hirschman: fungu la kila mmoja linazidishwa kwa lenyewe, kisha yote yanajumlishwa. Hapa ni 1,600 na 625 na 225 na 100 na 100, jumla 2,650. Angekuwepo mzabuni mmoja tu, jibu lingekuwa 10,000, ambalo ndilo kikomo cha juu. Uzuri wa kuzidisha namna hii ni kwamba mkubwa anaonekana kwa ukubwa wake. Ukiwa na utitiri wa wadogo chini yake, hawamfichi.

Sasa tufungue faili lenyewe. Idara moja imeandika jina la mzabuni wa kwanza kwa ukamilifu, likaishia na "Limited". Idara ya pili imeandika "Ltd", na herufi moja ikadondoka katikati. Kompyuta haijui kwamba ni mtu mmoja. Inaona wazabuni wawili, mmoja mwenye asilimia 22 na mwingine 18. Fahirisi inashuka hadi 1,858. Unarekebisha jina, unarudi kwenye 2,650. Kisha unapitia daftari la usajili wa kampuni na kukuta mzabuni wa pili na wa tatu wana mmiliki yuleyule. Ukiwaunganisha, nao wanakuwa na asilimia 40, na fahirisi inaruka hadi 3,400.

Fedha ni zilezile na huduma ni ileile. Ukitumia mwongozo wa Marekani wa 2010 wa kuchunguza kuungana kwa makampuni, 1,858 ni soko lenye mkusanyiko wa wastani, na 2,650 na 3,400 ni soko lililoshikwa na wachache, kwa kuwa mpaka ulikuwa 2,500. Mwongozo wa 2023 uliushusha mpaka huo hadi 1,800. Tena mipaka hiyo ilitungwa kwa kazi nyingine kabisa, si kwa zabuni, kwa hiyo anayekuambia "imevuka kiwango" bila kusema kiwango cha nani, mwombe aanze upya.

Dawa ya majina inajulikana: kila malipo yabebe namba ya usajili ya aliyelipwa. Kutekeleza ndiko kugumu. Marekani, ambayo sheria yake ya 2006 ndiyo iliyozaa tovuti ya USAspending, kwa miaka mingi iliwatambua wapokeaji wa fedha za serikali kuu kwa namba ya DUNS, mali ya kampuni binafsi ya Dun & Bradstreet. Maana yake ni kwamba ufunguo wa data ya umma ulikuwa na mwenyewe, na masharti yake ya matumizi. Ni Aprili 2022 tu ndipo namba hiyo ilipoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kitambulisho cha serikali yenyewe, chenye herufi na tarakimu 12. Hata hivyo, kwenye tovuti hiyohiyo kuna mistari ambayo mahali pa jina pameandikwa tu kwamba wapokeaji ni wengi, kwa sababu malipo madogomadogo yamejumlishwa. Anayepanga jedwali bila kusoma maelezo atampata "mzabuni" mkubwa ajabu ambaye hajawahi kuwepo.

Namba ya usajili nayo haikuambii nani yuko nyuma ya kampuni. Kwa hilo unahitaji daftari la wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaofaidika. Nchi kadhaa zinalo, si zote zinazoliweka wazi, na kuliunganisha na data ya zabuni mara nyingi ni kazi ya mikono.

Pengo linalonisumbua zaidi ya yote ni kati ya mkataba na malipo. Uingereza, tangu 2010, wizara zake hutangaza kila malipo yanayozidi pauni 25,000, na halmashauri za England yanayozidi pauni 500. Ni hatua kubwa. Ila faili za malipo kwa kawaida zina tarehe, kiasi, idara na jina. Hazina namba ya mkataba. Mikataba inatangazwa kwingine, kwa majina yaliyoandikwa kivingine. Kwa hiyo naweza kukuambia kampuni imelipwa kiasi gani, na naweza kukuambia ilishinda zabuni gani, lakini siwezi kukuambia kwamba malipo haya ni ya zabuni ile. Kiwango wazi cha data za mikataba kilichotoka mwishoni mwa 2014, OCDS, kiliundwa kuziba pengo hili: namba moja inaifuata zabuni kuanzia mpango, tangazo, tuzo (yaani kutangazwa kwa mshindi), mkataba hadi utekelezaji. Kwenye faili ninazopokea, hatua tatu za katikati huwa zimejaa. Ya mwisho, iliyotakiwa kubeba malipo, mara nyingi ni tupu.

Asiye na malipo hulazimika kutumia thamani ya tuzo, na huko kuna mtego. Kuna mikataba ya jumla ambayo serikali huorodhesha wazabuni walioidhinishwa na kuweka kikomo cha matumizi kwa wote. Tuseme kikomo ni milioni 100 na wazabuni ni 20. Baadhi ya mifumo huandika ile milioni 100 mbele ya kila jina. Ukijumlisha unapata bilioni 2 zisizokuwepo, na soko linaonekana limegawanywa sawasawa kama sahani za sherehe, hata kama wawili tu ndio walioagizwa kazi.

Hata ukijua nani kalipwa, hujajua nani kafanya kazi. Kampuni ya ujenzi na huduma ya Carillion ilipoanguka Januari 2018, ilikuwa na mikataba takriban 450 ya sekta ya umma nchini Uingereza. Chini yake, kwa mujibu wa ripoti ya kamati za Bunge, kulikuwa na wasambazaji na wakandarasi wadogo wapatao 30,000 waliokuwa wakiidai karibu pauni bilioni 2. Katika data ya matumizi, kundi lote hilo ni jina moja.

Kinyume chake nacho kipo. Soko likiwa na wachache si lazima kuna rushwa. Kuna bidhaa ambazo watengenezaji wake duniani unawahesabu kwa vidole. Ndiyo maana fahirisi ya nchi nzima, iliyochanganya dawa, lami na programu za kompyuta, naiona haina kazi. Hesabu kwa aina ya bidhaa na eneo, kisha angalia ni wangapi walioomba. Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya, chombo kinachokagua fedha za Umoja wa Ulaya, ilifanya hivyo katika ripoti yake ya 2023: zabuni zilizopata mwombaji mmoja tu zilikuwa asilimia 23.5 mwaka 2011, na kufikia 2021 zilikuwa asilimia 41.8. Idadi ya walioomba ni safu moja tu kwenye jedwali, na bado wachapishaji wengi huiacha tupu. Majina ya walioshindwa ni adimu zaidi, wakati ndiyo yanayoonyesha kama kampuni tatu zinapeana zamu ya kushinda.

Kati ya sheria nilizosoma, ya Slovakia ndiyo imenikosha. Tangu 2011 mkataba wa umma, isipokuwa wa aina zilizosamehewa, hauanzi kufanya kazi hadi uchapishwe mtandaoni, na usipochapishwa ndani ya miezi mitatu unahesabika haukufungwa. Mzabuni mwenyewe anakuwa wa kwanza kuulizia umeshawekwa au bado.

Kwa sasa, pembeni ya kila fahirisi naweka takwimu moja zaidi: ni asilimia ngapi ya fedha iliyolipwa kwa watu wenye namba ya usajili. Mistari ya "wapokeaji wengi" naitoa kabla ya kuhesabu na kutaja kiasi chake. Asilimia hiyo ikiwa ndogo, siandiki kwamba fahirisi ni 2,650. Naandika kwamba haipungui 2,650, kwa sababu majina yakisafishwa na wamiliki wakijulikana, itapanda.