Pikipiki ya afisa elimu kata inamfundishaje mtoto kusoma?

Je, wajua kwamba mpango wa kuinua ubora wa elimu ulioanza mwaka 2014 Kigoma, Tabora na mikoa mingine kadhaa, EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, ulinunua pikipiki, tena si za walimu? Zilikwenda kwa waratibu elimu kata, ambao siku hizi tunawaita maafisa elimu kata. Hawa hawashiki chaki. Sasa mtoto wa darasa la pili anafaidikaje?

Mitaala inatungwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyo chini ya Wizara ya Elimu, lakini shule za serikali zinasimamiwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kupitia halmashauri. Kati ya halmashauri na mwalimu wa kijijini, tuseme Kaliua au Uvinza, kuna huyu afisa wa kata. Shule zake zimetawanyika. Kiangazi ni mchanga, masika ni matope. Akitegemea miguu au lifti, shule ya mbali ataifikia mara chache, na mwalimu mkuu atakuwa ameshapata habari tangu jana.

Akiwa na usafiri wake anatokea tu saa mbili asubuhi. Anafungua daftari la mahudhurio, kisha anahesabu vichwa, maana msimu wa tumbaku hesabu hizo mbili hazilingani. Anakaa dawati la nyuma, anamwita mtoto mmoja na kumfunulia ukurasa ambao darasa halijaufikia. Hapo ndipo anajulikana anayesoma na anayeimba alichokariri. Mtoto aliyelelewa kwa Kiha au Kinyamwezi huweza kuitikia pamoja na wenzake kwa sauti kubwa, ukadhani anaelewa, kumbe Kiswahili chenyewe bado kigeni kwake. Watoto wakitoka, afisa anakaa na walimu kupanga namna ya kurudia silabi zilizowashinda.

Ada ya shule za msingi ilikuwa imeshafutwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) kwa darasa la kwanza na la pili ukaja 2015. Hayo yaliamuliwa juu. Kujua kama yanafanyika darasani, lazima mtu aende akaone.

Na mafuta je? Mpango ule ulitoa na fedha za kumwezesha afisa kuzunguka, jambo ambalo wengi hulisahau. Niliwahi kuona pikipiki ya ofisi chini ya mwembe, tairi bado zina vinyweleo vya dukani, kuku amelala kwenye siti.