Kwa Nini Fidia ya Ukame Haingoji Mizoga

Kila ninapoketi barazani na wafugaji wa kaskazini mwa Kenya kuzungumzia fidia ya ukame, swali la kwanza huwa lile lile: ni nani atakayekuja kuhesabu mizoga? Jibu langu huwashangaza wengi, kwa kuwa hakuna anayekuja, na malipo hayo hayakupangwa yangoje mizoga.

Mpango wa Bima ya Mifugo, ambao Serikali iliuanzisha mwaka 2015 katika kaunti za Turkana na Wajir kabla ya kuupeleka katika kaunti nyingine kame, ulitegemea kipimo kimoja tu, nacho ni ukijani wa malisho kama unavyoonekana kwa setilaiti. Vipimo hivyo hukusanywa msimu wote wa mvua, kisha hali ya eneo hulinganishwa na miaka iliyopita ya eneo lilo hilo, si na hali ya majirani zake. Msimu ukiangukia ndani ya asilimia 20 ya misimu mibaya zaidi, malipo huanza, na kadiri malisho yanavyozidi kupungua ndivyo kiasi kinavyopanda. Kwa kaya maskini zilizoteuliwa, Serikali ililipa ada yote ya bima kwa mifugo isiyozidi vizio 5; na kwa kuwa kizio kimoja ni ng'ombe 1 au mbuzi 10, mwenye mbuzi 200 alikingiwa mbuzi 50 tu.

Ninautetea utaratibu huu kwa sababu ya wakati. Mvua zikikatika mapema, upungufu wa nyasi hujulikana kabla kiangazi hakijakolea, na ng'ombe aliyekonda lakini bado anasimama mwenyewe asubuhi huweza kuokolewa kwa nyasi kavu, maji na dawa. Akishafikia hali ya kuinuliwa na watu wanne, wawili pembeni na wawili mkiani, fedha nyingi kiasi gani hazitamrudisha malishoni.

Hata hivyo, setilaiti huona kijani bila kujua ni kijani cha nini. Katika maeneo yaliyovamiwa na mathenge, mti huo hubaki na majani wakati ardhi iliyo chini yake haina hata unyasi mmoja, na ng'ombe hawezi kuishi kwa majani hayo. Wataalamu hujaribu kurekebisha hesabu, lakini tofauti kati ya kipimo na zizi haiishi kabisa, na mfugaji aliyepoteza mifugo huku eneo lake likihesabiwa kuwa na malisho ana haki ya kulalamika. Simlaumu hata kidogo.

Tena watu wengi huichanganya bima hii na fedha za mpango wa kukabiliana na njaa, HSNP, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Hizo hazihusiani na idadi ya mifugo. Kaya zilizosajiliwa hupokea malipo ya kawaida, na kipimo cha hali ya mimea kikishuka chini ya 20, yaani ukame mkali, kaya nyingine huongezwa kwa muda. Kikishuka chini ya 10, huongezwa nyingi zaidi. Anayepokea fedha hizi anaweza kudhani kwamba ng'ombe wake wamekatiwa bima, kumbe sivyo.

Jambo ninalosisitiza zaidi wakati wa usajili ni mpaka. Mifugo huhama, lakini bima haihami nayo: malipo hufuata eneo ulilosajiliwa, hata kama ng'ombe wako wamekuwa kaunti jirani miezi mitatu. Mfugaji anayelisha sehemu mbili na aonyeshwe ramani, aelezwe kila mpaka unapita kwenye kisima gani au mto upi, kisha achague eneo ambalo mifugo yake hulitegemea zaidi kiangazi kinapokolea, kabla hajatia sahihi.