Gewürztraminer: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu zabibu za Gewürztraminer ni kwamba divai yake ni tamu daima. Anayepotosha hapo ni pua. Zabibu hizi zina wingi wa kemikali za manukato, mojawapo ikiwa ile inayopatikana pia katika ua la waridi na tunda la lichi, hivyo mnywaji akiinusa tu hutarajia sukari, hata pale ambapo chachu imekwisha kuila karibu yote. Ukweli ni kwamba ipo divai kavu, yaani isiyo tamu, ipo yenye utamu wa kadiri, na ipo ile nzito ya zabibu zilizochelewa kuvunwa, ambayo katika eneo la Alsace, mashariki mwa Ufaransa, huitwa Vendanges Tardives. Isomwe lebo kwanza: neno sec huashiria divai kavu, na moelleux huashiria tamu.

Wapo pia wanaoamini kwamba viungo hutiwa ndani ya divai hii. Hakitiwi kitu, manukato hutoka katika zabibu zenyewe, hasa kwenye ganda, ambalo, ingawa divai huhesabiwa kuwa nyeupe, lina rangi ya waridi.

Dhana inayoharibu mlo ni ile isemayo kuwa divai hii hufaa chakula chochote chenye pilipili. Zabibu hizi huiva zikiwa na sukari nyingi na uchachu mdogo, kwa hiyo divai yake kavu mara nyingi huwa na pombe ya asilimia 13 hadi 14, na pombe huuchochea mwasho wa pilipili badala ya kuutuliza. Penye pilipili kali ichaguliwe yenye utamu kidogo. Ile kavu hupatana na vyakula vinavyonukia bila kuwasha, kama mchuzi wa tui la nazi wenye tangawizi, au bata wa kuokwa. Watu wa Alsace huinywa pamoja na jibini la Munster lililonyunyiziwa bizari nyembamba, na kwa maoni yangu hakuna mlo unaoishinda jozi hiyo kwa kupatana. Samaki mbichi na chaza, kinyume chake, humezwa na manukato yake, na saladi yenye siki nyingi huifanya ionekane imepooza.

Mwisho, si kweli kwamba divai nyeupe hunoga kadiri inavyozidi kuwa baridi. Hii inywewe ikiwa na nyuzijoto 10 hadi 12 hivi. Chini ya hapo harufu hufifia na uchungu wa ganda hujitokeza.