Swali Analorudi Nalo Askari

Askari haji kwangu akasema anaogopa. Miaka yote niliyofanya saikolojia tiba na wanajeshi, sikumbuki hata mmoja aliyeanza na neno hilo. Anakuja na tumbo. Anakuja na mgongo, au kichwa kinachogonga upande mmoja, na mara nyingi kuliko yote anakuja na usingizi: "Daktari, silali." Mganga wa kikosi ameshampima malaria mara tatu, ameshampa dawa za maumivu, mwishowe amemwandikia karatasi ya kuja kwangu. Karatasi hiyo imekaa mfukoni wiki tatu huku mwenyewe akipiga hesabu ya nani atamwona akiingia mlango huu.

Nitaeleza habari za sajenti mmoja. Nimechanganya mambo ya watu kadhaa ili asitambulike yeyote.

Aliingia, akasimama wima, akatamka "Jambo afande!" kwa mazoea, kisha akajirekebisha: "Shikamoo, daktari." Nikaitikia, nikamwonyesha kiti. Hakukaa. Alikitazama kiti, akautazama mlango, akakisogeza mpaka mgongo wake ukagusa ukuta na mlango ukawa mbele yake. Kofia akaiweka gotini. Kiti kile sijakirudisha tangu siku hiyo, maana waliomfuata nao walikaa palepale.

Kabla ya kuuliza lolote, huwa nazungumzia siri. Askari anajua kuwa maisha yake yanaendeshwa na karatasi. Akiandikwa kuwa hafai, atakosa kozi, atakosa cheo, atakosa misheni ya kulinda amani nje ya nchi, na misheni ndiyo nyumba inayoezekwa na ada ya watoto. Tena lipo lile neno ambalo watu hulitamka kwa kunong'ona, kwamba "atapelekwa Mirembe", hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Kwa hiyo namwambia wazi: utakayosema yatabaki hapa, isipokuwa ukitaka kujiua, ukitaka kumdhuru mtu, au nikiona kwamba si salama wewe kushika silaha kwa sasa. Hata hapo, wewe ndiye utakayeambiwa kwanza. Mkuu wako akinipigia simu atajibiwa moja kati ya matatu: unafaa, unafaa kwa masharti, au hufai kwa sasa. Hataambiwa unaota nini.

Habari ya kujiua naiuliza waziwazi, tena siku ya kwanza. Wapo wanaodhani kuuliza ni kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Si kweli. Aliye na wazo hilo huhisi amepunguziwa mzigo, na asiye nalo hunijibu kwamba hana, tukaendelea. Kwa mtu anayelala mita chache kutoka kwenye bunduki, kuogopa kuuliza kunaweza kugharimu maisha.

Mwanzoni mwa kazi hii nilikosea. Nilikuwa nimesoma kwamba tiba ya kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha, ni kulikabili tukio, basi kijana mmoja nikamwomba asimulie tukio lake siku ileile ya kwanza. Alisimulia kwa dakika arobaini, jasho likimtiririka, akashukuru, akaondoka. Hakurudi tena. Bado namfikiria. Tangu hapo naanza na usingizi, kwa sababu ndio aliokuja nao, na kwa sababu mtu asiyelala hana nguvu za kuibeba kazi inayofuata.

Kwa sajenti nilianza na lindo, maana lindo analifahamu kuliko mimi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo mfano wa lozi, amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga king'ora kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Miezi tisa, mwaka, katika eneo la mapigano, sehemu hiyo inafundishwa kwamba kila kishindo ni hatari, na mafunzo hayo ndiyo yaliyomrudisha nyumbani akiwa hai. Shida ni kwamba mwili haujapokea amri ya kuvunja lindo. Sajenti alikuwa anaamka saa nane usiku, anakagua komeo, dirisha, geti, anarudi kitandani, anaamka tena. Mvua ya masika ikipiga mabati alikuwa sakafuni kabla hajajua amefikaje. Mkewe alishahamia kulala na watoto, kwa kuwa usiku mmoja alimgusa bega ili kumtoa kwenye jinamizi akajikuta amekabwa shingo.

Nilimwita shemeji yule, kwa ruhusa ya mumewe, nikamfundisha jambo dogo. Usimguse. Washa taa, simama upande wa miguuni, mwite jina lake la nyumbani, mwambie mahali alipo: uko nyumbani, uko Dar, mimi ni mama fulani. Mkono usubiri mpaka ajibu. Akaniuliza, "Kwa hiyo hakunichukia?" Alikuwa amelibeba swali hilo miezi mitano.

Masharti mengine ya usingizi ni ya kawaida, na askari huyashika vizuri kuliko raia. Amka saa ileile kila siku, hata kama umelala saa moja tu. Usipande kitandani kabla usingizi haujakujia. Ukikaa macho kama dakika 20, ondoka, kaa sebuleni, rudi ukisinzia. Pombe nilimweleza bila kumhubiria: inaleta usingizi haraka, lakini inaukandamiza usingizi wa ndoto mapema usiku, na ikishapungua mwilini kuelekea alfajiri ndoto zinarudi kwa kishindo. Alikunja uso akasema, "Ndiyo maana ni saa nane." Kuhusu jinamizi, tuliliandika mchana, tukabadilisha mwisho wake kwa namna aliyoichagua mwenyewe, akawa anaupitia mwisho ule mpya kichwani kila siku kwa dakika kumi au kumi na tano kabla jua halijazama. Baada ya wiki nne alikuwa analala saa tano mfululizo.

Hapo ndipo aliponiambia kwamba kilichokuwa kinamwamsha hakikuwa risasi.

Wengi wa ninaowaona walipitia Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2098, liliunda brigedi ya kuingilia kati ndani ya MONUSCO, misheni ya umoja huo nchini humo, na Tanzania ikapeleka wanajeshi pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Mwaka uleule walishiriki kuwashinda waasi wa M23. Kisha, kuanzia Oktoba 2014, eneo la Beni likaandamwa na mauaji ya raia vijijini. Na Desemba 7, 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, katika eneo hilohilo, ilishambuliwa kwa saa nyingi, wakauawa askari wetu wasiopungua 14. Miili yao iliporudi Dar nchi nzima ilisimama. Waliobaki hai walirudi pia, lakini kimya kimya.

Sajenti hakuwa Semuliki. Alikuwa kwenye doria iliyofika kijiji kimoja asubuhi, baada ya usiku wa mauaji kwisha. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa chini mbele ya nyumba. Hakulia. Aliwatazama, akasema, "Baba, mulikuwa wapi?"

Jambo hili sijaliona kwenye vitabu nilivyofundishwa, vilivyoandikwa kwa ajili ya askari wa nchi nyingine. Askari wa mataifa mengi akienda Kongo, kilio cha watu kinamfikia kupitia mkalimani. Wetu anakielewa. Lugha iliyotufanya tupokelewe vizuri kule, wazee wakatuita ndugu na watoto wakatufuata barabarani, ndiyo iliyopitisha swali lile likaingia moja kwa moja bila kuchujwa. Hata lafudhi imebaki. Si "mlikuwa", ni "mulikuwa". Aliniambia akisikia mtu sokoni anatamka hivyo, miguu inakufa ganzi.

Hiyo si hofu, na tiba ya hofu peke yake haiitoshi. Wataalamu wameiita jeraha la dhamiri: mtu ameona, ametenda au ameshindwa kuzuia jambo linalovunja kile anachokiamini kuhusu yeye mwenyewe. Hofu husema hatari ipo. Jeraha hili husema mimi ni mtu mbaya, na ukimwambia haraka "si kosa lako" anajua kuwa hukumsikiliza.

Nilimpa karatasi na kalamu, nikamwomba achore duara, kisha aligawe kwa wote waliochangia yale yaliyotokea, kila mmoja kwa ukubwa wa sehemu yake. Alichora polepole. Nusu nzima akaandika "mimi". Robo akaandika "doria", yaani wenzake. Iliyobaki akaigawa kati ya barabara, mvua na redio. Akaniletea. Niliitazama kwa muda, nikamwuliza, "Waliokuwa na mapanga wako wapi?"

Hawakuwamo. Katika duara lote, waliowaua watu wale hawakuwa na kipande hata kimoja.

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba karatasi nyingine. Ilituchukua vikao vitatu. Tulichora ramani, tukaandika saa ambayo taarifa ilifika, umbali, tope, amri, na yale aliyoyajua usiku ule, si yale aliyoyajua asubuhi. Mwisho sehemu yake haikuisha. Ilibaki nyembamba: anaamini angepaza sauti zaidi kwenye redio. Hiyo sikumnyang'anya. Nilimwuliza anataka kuifanyia nini, akasema atakwenda kuzungumza na padri wake, na hilo lilikuwa lake, si langu.

Makamanda huniuliza baada ya tukio kubwa kama niende kuwapanga askari wote wazungumze kwa siku moja, wamalize. Nia yao ni njema. Utafiti umeonyesha kwamba kikao kimoja cha kulazimishana kusimulia hakizuii ugonjwa wa kiwewe, na wengine kinawaumiza. Siku za mwanzo wanahitaji chakula cha moto, usingizi, simu ya kupiga nyumbani, na platuni isitawanywe. Wengi watapona wenyewe. Ugonjwa tunautaja dalili zikipita mwezi mmoja, na hapo ndipo mlango wangu uwe wazi na usiwe na aibu.

Mjomba wangu hakuwa na mlango huo. Alirudi kutoka Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, mwaka 1979, na kiwewe cha namna hii kiliingizwa kwa jina lake la sasa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Alirudi kabla ugonjwa haujapewa jina. Alikuwa anatandika mkeka nje, chini ya mwembe, uso ukielekea njiani, hata siku za baridi. Sisi watoto tuliambiwa mjomba anapenda hewa.

Sajenti alikuja mara ya kumi na mbili na habari kwamba orodha ya misheni mpya imetoka na jina lake limo. Aliniomba niandike kuwa anafaa. Nilijua nyumba yake imefika kwenye linta. Nilijua pia kwamba wiki mbili kabla, mvua ilipoanza, alikuwa amekagua geti mara sita. Niliandika: anafaa kwa masharti, kazi za kambini, atathminiwe tena baada ya miezi sita. Nilimsomea kabla sijatia saini, kama nilivyomwahidi siku ya kwanza.

Alikasirika. Alisimama, akavaa kofia, akaondoka bila kuaga, na mimi sikuwa na uhakika kama ningemwona tena.

Alhamisi iliyofuata, saa tatu kasoro, alikuwa kwenye benchi nje. Aliingia, akakaa pale ukutani, akaweka kofia gotini. "Shikamoo, daktari," akasema. "Bado nimekasirika." Nikamwambia tuanzie hapo.